Filamu ya bure, bando la kulipia

Tuanze na hesabu. Filamu ya Kiswahili ya saa moja ipo YouTube, bure kabisa. Mtazamaji wa Tandale, Dar es Salaam, anaifungua kwenye simu, na kwa kuwa bando lenyewe ni la kuungaunga, anashusha ubora wa picha hadi 360p. Kwa ubora huo saa moja hula takriban MB 300. Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipoweka mipaka ya bei za bando, MB moja ilipangiwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Tukipiga kwa bei ya chini kabisa, filamu hiyo ya bure imemtoka mtu wetu shilingi 600 na ushee. Kwa bei ya juu ni zaidi ya 2,800.

Upande wa pili yupo aliyeitengeneza. Tuseme matangazo yanamwingizia dola 1 kwa kila mara 1,000 filamu inapotazamwa, makadirio ambayo kwa watazamaji wa hapa nyumbani si ya ubahili. Dola tuihesabu shilingi 2,500. Mtu wetu wa Tandale, kwa saa nzima aliyokaa, amemletea prodyuza shilingi 2 na senti 50.

Mia sita huku, mbili na nusu kule. Kila ninaposikia mjadala wa namna teknolojia ilivyoikomboa au ilivyoiua filamu ya Bongo, nangoja mtu aitaje hesabu hii, na kwa kawaida haitajwi. Wanaosifu husifu kamera. Wanaolaumu hulaumu vijana wa YouTube kwa kukosa weledi. Kumbe pesa ipo. Watu wa kipato cha chini wanailipia filamu kila siku, tena hela ya maana, ila inaingia katika duka lisilo la mwenye filamu.

Zama za Kariakoo, soko la Dar es Salaam walikokaa wasambazaji wa filamu, duka hilo lilikuwa na mlango na sura. Filamu za Kiswahili zilipoanza kutoka kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwanza kwenye kaseti za VHS, kisha VCD na DVD, prodyuza alipiga picha kwa fedha zake au za kukopa, akahariri, akabeba master hadi kwa msambazaji, wakaelewana bei. Mara nyingi ilikuwa bei ya mkupuo: chukua chako, haki zote zabaki kwa mnunuzi. Filamu iuze nakala elfu tano au laki moja, aliyeitengeneza hakuwa na namna ya kujua. Msambazaji naye alikuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyechapa makasha, aliyepeleka mzigo Mwanza na Mbeya, na aliyekula hasara pale CD ya kuchoma yenye filamu ishirini ilipoingia mtaani kabla mzigo wake haujafika. Stempu za Mamlaka ya Mapato, TRA, zilizoanza 2013 zilitarajiwa kutenganisha nakala halali na ya wizi. Zilimwongezea gharama mwenye nakala halali, mchomaji akaendelea kuchoma.

Zama hizo zina heshima yake na sipendi kuzibeza. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika viwanja vya Leaders Kinondoni haukuwa wa mashabiki wa Dar es Salaam pekee kwa maana ya mioyo. Alililiwa Kongo, Rwanda na Burundi. Soko lililotegemea visahani vya plastiki lilikuwa limezaa nyota wa ukanda mzima, bila satelaiti wala mtandao wa maana.

DVD ikafa, na aliyeiua si YouTube peke yake. Flashi ilitangulia: yule kijana mwenye kompyuta kibandani, anayekujazia muvi kwenye flashi au memori kadi kwa bei ya soda. Kisha zikaja simu janja za bei ya chini, na nyuma yake nyaya za baharini, SEACOM Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, na kutazama video mtandaoni ilikuwa kazi ya kukodolea macho kile kiduara kinachozunguka.

Sasa hoja ya wanaosifu, ambayo ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Ruhusa imeondoka. Kijana wa Tanga mwenye simu, taa mbili na marafiki watatu wanaojua kuchekesha hana haja ya kupanda basi kwenda kumbembeleza mtu Kariakoo. Anapandisha video usiku, asubuhi ina maoni kutoka Bujumbura. Mwigizaji ambaye msambazaji angemwambia sura yake haiuzi amejijengea watu wake mwenyewe. Na kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa mtazamaji: prodyuza kwa mara ya kwanza anamwona mtazamaji wake.

Ukiwa na chaneli, YouTube inakupa grafu inayoonyesha watu wanabaki hadi dakika ya ngapi. Mstari unaanza juu upande wa kushoto, unateremka. Pale unapoporomoka kama ukuta ndipo watu walipochoka. Anayezikumbuka filamu za zamani atakumbuka ile onesho ya gari: honi inapigwa, mlinzi anafungua geti, gari linaingia polepole, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, kiatu kinaonekana, tajiri anashuka, anapanda ngazi, anabonyeza kengele. Dakika mbili zimeisha na hakuna aliyesema neno. Wahakiki waliilalamikia onesho hiyo miaka kumi bila mafanikio. Grafu inaimaliza kwa wiki moja, kwa sababu prodyuza anaona kwa macho yake jinsi geti linavyomfukuzia watu.

Lakini grafu hiyohiyo inafundisha tabia nyingine. Sekunde kumi za mwanzo lazima mtu apigwe kofi, alie, au afumaniwe. Ukimya haupiti. Mzee anayekaa kibarazani akifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo sinema nzuri popote duniani hulihitaji, kwenye mstari ule anasomeka kama kosa. Binafsi naiona hasara hii kuwa kubwa kuliko ile ya picha mbovu tunayoisema kila siku. Picha inanunulika, subira ya mtazamaji ikishapotea, kuirudisha ni kazi.

Hata hivyo nisingependa tujidanganye kwamba zamani umbo la filamu lilitawaliwa na sanaa tupu. Kwa nini karibu kila filamu ya DVD ilikuwa na Part 1 na Part 2? Hadithi haikudai hivyo. Ni kwa sababu sehemu mbili ziliuzwa kama bidhaa mbili. Leo kipande cha YouTube kinapenda kuvuka dakika nane, kwa sababu tangu Julai 2020 video ikifika dakika nane ndipo matangazo yanaruhusiwa kuwekwa katikati yake. Kwa hiyo tamthilia inakatwa vipande, kila kimoja kinaishia mlango unapogongwa, na kipande cha tisa kina dakika mbili za "ilipoishia". Mfuko ndio uliokuwa ukiandika muswada tangu zamani. Kilichobadilika ni mwenye mfuko.

Na mwenye mfuko wa sasa analipa vipi? YouTube inamwachia mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, na kuingia katika mgawo kamili kunahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Asilimia 55 inasikika vizuri, na kwa kweli hakuna msambazaji wa Kariakoo aliyewahi kuweka asilimia yoyote hadharani. Tatizo ni kwamba ni asilimia ya nini. Tangazo linauzwa kwa mnada, na bei yake inategemea nani anamtaka mtazamaji huyo. Kampuni za bima na magari zinagombania macho ya mtu wa Oslo au Minneapolis. Macho ya Tandale yanagombaniwa na wachache. Filamu ni ileile, kicheko ni kilekile, ila Mtanzania aliyeko Marekani anaweza kuwa na thamani kubwa mara kadhaa kuliko mdogo wake aliyebaki Tandale. Na hata hapo kuna makato: tangu Juni 2021 mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya huko, na kwa nchi zisizo na mkataba wa kodi na Marekani, Tanzania na Kenya zikiwemo, kiwango ni asilimia 30. Nyumbani nako mkono umenyooshwa. Kenya ilipendekeza asilimia 15 kwa watengeneza maudhui, ikashuka hadi 5 katika sheria ya fedha ya 2023, na Tanzania ikaja na yake ya asilimia 5 mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wenye akili wameacha kuitegemea YouTube kama mshahara. Wanaitumia kujenga jina, jina linauzwa kwingine. Dili la sabuni, la maji ya kunywa, la kampuni ya kubeti. Ubalozi wa kitu fulani kwa miezi sita. Ndiyo maana sasa mwigizaji anaweza kuchaguliwa kwa idadi ya wafuasi wake Instagram kabla hajasoma mstari mmoja. Prodyuza ukimsema atakuuliza: mwenye kipaji asiye na wafuasi ataniletea mdhamini gani? Swali gumu, na jibu lake haliko kwenye kamera.

Njia ya kati ipo, nayo ni runinga ya kulipia. Chaneli kama Maisha Magic Bongo ndani ya DStv na Sinema Zetu ya Azam zinanunua tamthilia kwa mkataba, na ukizungumza na mafundi wa taa, sauti na uhariri, wengi watakuambia malipo yanayoeleweka yamo humo. Anayelipia king'amuzi analipia maudhui moja kwa moja, mkondo wa fedha unaonekana. Ila mlango umerudi. Kuna meza ya kuamua nini kinafaa familia nzima ikikaa sebuleni, na kijana wa Tanga yuko tena kwenye basi.

Upande wa habari nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa umeandikwa sana. Ukienda kwenye mkutano wowote na waandishi jijini Dar es Salaam, meza imejaa maiki zenye vibweta vya rangi, nusu yake za runinga za mtandaoni. Sauti zimeongezeka, na visa vya mtaani ambavyo magazeti yasingevigusa vimepata pa kusemwa. Vichwa vya habari navyo vimegeuka mtego: "MAKUBWA! HIKI NDICHO ALICHOSEMA", mshale mwekundu, uso uliopanuka macho, na ndani hakuna kitu. Serikali ilijibu kwa kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, zilizomtaka mwenye blogu au runinga ya mtandaoni kuwa na leseni. Maombi, leseni ya mwanzo na ada ya mwaka vilifika jumla ya shilingi milioni 2.1. Serikali ilisema inadhibiti uongo na matusi, na waliotukanwa mtandaoni wanajua kwamba hoja hiyo haikutungwa hewani. Lakini bei ile haikumchuja mwongo. Ilimchuja asiye na milioni mbili. Mwongo mwenye fedha alilipia akaendelea. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo na ada zikapunguzwa, jambo ambalo ni kukiri kimyakimya kwamba chujio lilikuwa na matundu mahali pasipostahili.

Kisha limekuja hili la akili mnemba, na kelele zake zimezidi kila kitu. OpenAI ilionyesha Sora, mtambo wa kuzalisha video kutokana na maandishi, Februari 2024. Mei 2025 Google ikatoa Veo 3, inayozalisha picha pamoja na sauti kutokana na maandishi tu. Hofu inayosikika zaidi ni kwamba waigizaji watakosa kazi. Mimi naangalia kwingine, kwenye sauti. YouTube imeshaanza kutafsiri video na kuzitia sauti za lugha nyingine kwa mashine, na nadhani hapo ndipo Kiswahili kitaguswa mapema, kwa faida na kwa hasara.

Sisi tuna historia ndefu ya kutia sauti filamu za watu. Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye mabanda ya video, mubashara, kabla sauti yake haijaingia kwenye kaseti na kusambaa nchi nzima. Kenya inaye DJ Afro. Uganda wanao wenye jina la VJ kwa Kiganda. Mtu aliyekaa kibanda umiza anajua kwamba Lufufu hakutafsiri. Alimpa muuaji wa Hong Kong jina la mtaani, alimwonya shujaa, aliwacheka polisi, alieleza desturi ambayo mkurugenzi wa filamu hakuona haja ya kuieleza. Walioandika filamu hizo hawakuombwa ruhusa wala kulipwa, na hapo mwanasheria ana haki ya kukunja uso. Lakini filamu nyingine zisingefika kwetu kwa njia yoyote.

Mashine itatafsiri kwa usahihi zaidi ya Lufufu. Itatia Kifaransa tamthilia ya Mwanza ili mtu wa Kinshasa asiyejua Kiswahili aifuate, na hiyo ni nafasi ambayo prodyuza mdogo hakuwahi kuiota. Itaandika maneno chini ya picha kwa viziwi, kundi ambalo filamu zetu zimelisahau kabisa. Haya ni mema, na anayeyapinga kwa jina la sanaa ajiulize kama yuko tayari kulipia kazi hiyo kwa mkono. Ila mashine haitamcheka polisi. Na bahari ya video za kigeni zilizotiwa Kiswahili kisafi, laini, kisicho na mtaa, itashindana na kijana wa Tanga kwenye simu ileile, kwa bando lilelile la MB 300. Kwa mtazamaji gharama ni sawa. Kwa mtengenezaji wa ng'ambo aliyekwisha kulipwa kwingine, shilingi 2 na senti 50 za Tandale ni nyongeza. Kwa kijana wa Tanga ndiyo mapato yenyewe.

Narudi kwenye bando, kwa sababu ndipo naona kuna kitu cha kufanyika. Kampuni za simu zina utetezi ambao si wa kupuuzwa. Wao ndio waliosimamisha minara, wananunua masafa, wanachoma dizeli pale umeme unapokatika. Katika kila shilingi ya bando Serikali ina VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 17. Wanasema: sisi ni barabara, hatuuzi mizigo inayopita. Lakini barabara hiyo inatangaza mizigo. Bando za kijamii, bando za video, bando la usiku ambalo watu huamkia saa tisa kushusha muvi za wiki nzima. Bidhaa hizo zisingekuwa na mteja kama kusingekuwa na kitu cha kutazama. Na kinachoshushwa usiku hugawanywa mchana kwa Xender, simu hadi simu, ambako hakuna tangazo wala hesabu ya watazamaji. Kijiji kizima kimeiona filamu. Kwenye grafu ya prodyuza ni mtu mmoja.

Pendekezo la kuuza kipande kimoja kimoja kwa shilingi 300 au 500 kupitia pesa za simu, data ikiwa ndani ya bei, limezungumzwa sana na kujaribiwa kidogo. Pingamizi kuu ni kwamba Mtanzania hataki kulipia maudhui. Anayesema hivyo hajaitazama ile hesabu ya mwanzo: mteja tayari ametoa mia sita. Anachokosa ni kitufe kinachopeleka sehemu yake kwa aliyeigiza. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kampuni ya simu ikiwa ndiyo duka, ndiyo keshia na ndiyo mtunza hesabu, prodyuza atakuwa amerudi kwa msambazaji wa Kariakoo, safari hii mwenye wanasheria wengi.

Wanamuziki wameshapita njia hiyo kwa miito ya simu, na hawakupita bila vumbi. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito bila idhini yao. Kwa hiyo mtambo wa kukata senti kutoka kwa mamilioni ya laini na kuzipa jina la wimbo upo, na kesi ile ilionyesha kwamba mwenye mtambo huo anaweza kufikishwa mahakamani. Ukatumike kwa filamu, mkataba uandikwe kwanza, na hesabu akague mtu wa tatu. Mmoja wa wadai wale wawili, MwanaFA, aliingia bungeni mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Hoja hii haihitaji kutafsiriwa ikifika mezani kwake.